Tumuageje afisa wa ujasusi wa majini ambaye kazi yake haisimuliki?

Mpwa wa Dunga, Kisumu

Salamu kwenu nyote. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anastaafu mwezi ujao kutoka Jeshi la Wanamaji la Kenya akiwa Luteni Kanali, na sehemu kubwa ya utumishi wake ameimaliza katika ujasusi wa kijeshi huko Pwani. Ukoo umenikabidhi risala ya kumpokea nyumbani, lakini wiki ya pili hii daftari lina mistari minne tu. Najua alikuwa Mtongwe, kambi ya wanamaji kule Mombasa, najua alipata kukaa Manda, Lamu, na najua kwamba mwishoni mwa Septemba 2012, wanajeshi wetu walipoingia Kismayu, Somalia, kwa njia ya bahari, simu yake haikupatikana kwa siku nyingi na nyanya alikuwa akilala na redio kifuani. Nikimdadisi zaidi hucheka na kuniuliza bei ya samaki wa mbuta. Nitaisifuje kazi nisiyoijua? Isitoshe, binamu zangu wanataka kuchapisha bango lisemalo "Karibu Nyumbani Jasusi Wetu". Linafaa?

Mstaafu, Lanet

Kijana, lizuie bango hilo kabla halijafika kwa mchapishaji. Jasusi, katika masikio ya wazee wengi, ni mtu aliyetumwa na adui, na jirani atakayelisoma akiwa barabarani hatasubiri maelezo. Andikeni "Luteni Kanali (Mstaafu)" na jina lake, basi. Mwonye pia mshereheshaji asimwite admirali, kwa kuwa wanamaji wetu hutumia vyeo kama vya jeshi la nchi kavu, na hata kamanda wao mkuu ni Meja Jenerali. Wala asimchanganye na watu wa Idara ya Taifa ya Ujasusi, ambayo ni ya kiraia.

Kuhusu risala, Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, haivuliwi pamoja na sare, kwa hiyo usimtafutie visa vya kishujaa halafu ukamlazimu avikanushe au anyamaze mbele ya wageni. Hata hivyo unaweza kueleza aina ya kazi bila kugusa aliyoyafanya yeye. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku mkaa kutoka Somalia, na biashara kama hiyo haikamatwi kwa bunduki peke yake. Lazima awepo mtu wa kujiuliza kwa nini jahazi linalodai kurudi tupu limezama maji hadi karibu na ukingo, kisha alinganishe alichoambiwa na nahodha na walichokiona wavuvi alfajiri. Mengi ni kungoja, kusikiliza na kuandika. Wageni wakilielewa hilo, wataelewa pia kwa nini mjomba wako si msemaji sana.

Mke wa askari, Nakuru

Nakubaliana na mzee wangu wa Lanet, ila naona nyote mmeitazama bahari mkaisahau nyumba. Mume wangu alipoagwa, mshereheshaji, kwa mzaha, alimwuliza mbele ya watoto ameua wangapi. Mume wangu aliiweka sahani chini, nyama bado haijaguswa, na hakuishika tena hadi wageni walipoondoka. Mpe mshereheshaji wenu orodha ya maswali yasiyoulizwa.

Halafu andika mliyoyaona ninyi wenyewe: matanga ambayo hakuweza kuja, karo aliyotuma hata hivyo, shangazi yako aliyewapeleka watoto hospitali usiku bila kujua mumewe yuko bandari gani. Hayo hayana siri ya serikali. Mkalishe mkewe kando yake, wala si kwenye hema la wapishi, na sehemu yake katika risala isiwe sentensi moja ya shukrani mwishoni.

Mwalimu, Kakamega

Naongeza dogo. Zawadi iwe usinga na kigoda, kwa sababu anarudi kuketi na wazee, naye vyeti vya fremu anavyo vya kutosha. Wakitokea wa kusema mumwombee nishani ya taifa, ipo Sheria ya Nishani za Taifa ya mwaka 2013 na kamati yake, lakini hilo ni faili la kupelekwa kimyakimya, si ahadi ya kutangazwa kwenye kipaza sauti.

Mpwa wa Dunga, Kisumu

Asanteni sana. Bango limebadilishwa, ingawa binamu mmoja bado amenuna. Jana nilimpelekea mjomba risala mpya. Aliisoma amesimama, miwani puani, akachukua kalamu akakata Manda, akakata Kismayu, na aya ya jahazi akaipitia mara mbili bila kusema neno wala kuigusa. Sentensi ya nyanya na redio aliiacha. Pembeni yake aliandika kwa herufi ndogo: "Betri alikuwa akinunuliwa na nani?"

Ni shangazi, mkewe. Kesho naiandika upya nianze na yeye.