Wazazi wanapinga somo la UKIMWI shuleni: tuanzie wapi?

Mwalimu wa sayansi, Njombe
Ninafundisha shule ya msingi katika mkoa ambao, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, una kiwango cha juu kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima. Mwezi uliopita mzazi mmoja alikuja na daftari la binti yake wa darasa la sita, akalifungua mbele yangu penye mchoro wa via vya uzazi, akauliza ni nani aliyenituma kumfundisha mwanawe uhuni. Katika mkutano wa wazazi wengi walimuunga mkono, na sasa kipindi kimesimama. Sitaki kushindana na wazazi ambao ninawahitaji. Naombeni ushauri.

Mwalimu mstaafu, Kagera
Pole sana, mwalimu. Huku kwetu, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, tulizika sana kabla ya kukubali kuuzungumza, na nisingependa wengine wapite njia hiyo. Kosa letu shuleni lilikuwa kuwaita wazazi tukiwa tumeshaanza kufundisha. Baadaye tuliweka sanduku la maswali darasani, watoto wakaandika bila majina, nasi tukayasoma kwenye mkutano wa kijiji. Swali moja liliuliza: "Nikila sahani moja na mtu anayetumia dawa, nami nitaambukizwa?" Watu walinyamaza kimya. Bibi mmoja anayelea wajukuu akasimama, akasema jibu hata yeye halijui, na kwamba anaomba afundishwe pamoja nao.

Mjumbe wa kamati ya shule, Mwanza
Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga. Hatukuwa na nia mbaya. Hakuna aliyetuonyesha kitabu, tukabaki kusikia ya mitaani. Wapeni wazazi muhtasari wausome wenyewe, na sheikh, mchungaji na muuguzi wa zahanati waelezwe mapema, kwa sababu kiongozi anayeshtukiziwa jambo mbele ya watu hulikataa hata kama analikubali moyoni.

Mwalimu wa sayansi, Njombe
Shikamoo, mwalimu mstaafu, na asanteni nyote. Mtendaji wa kijiji amenipa nafasi katika mkutano wa Alhamisi ijayo, na sanduku nimeshalitengeneza kwa boksi la chaki. Yule mzazi wa daftari nitamfuata kwanza nyumbani kwake, nikiwa na kitabu mkononi.