Kitabu cha zamani cha ukoo wa Tremere: kinafaa kwa toleo la tano?

MsimuliziMpya
Wakuu, salaam. Tunacheza Vampire: The Masquerade, mchezo wa mezani wa kuigiza wanyonya damu, toleo la tano, lile la 2018. Mchezaji wangu mmoja anataka mhusika wa Tremere, ule ukoo wa wanyonya damu wachawi, na kampeni, yaani hadithi yetu ndefu ya mchezo, iko Vienna. Kuna mtu ananiuzia kitabu cha ukoo huo cha mwaka 2000, cha mtumba lakini kizima. Je, humo kuna la kunisaidia, au nitakuwa nimenunua historia tu? Nawasilisha.

ShangaziDadu
Nunua, mwanangu, ila ukifika kurasa za nguvu na dadu, zipite. Huko uchawi unalipiwa kwa pointi za damu, kisha unarusha dadu za Utashi, yaani nguvu ya nia ya mhusika, na ugumu wake ni kiwango cha nguvu ukiongeza tatu. Meza yako haina pointi za damu, ina Njaa, kipimo cha kiu ya damu ya mhusika. Mkichanganya mtabishana hadi jua liwakute, na mnajua jua linawafanya nini watu wenu.

Kitakachorudisha pesa yako ni piramidi, yaani ngazi za vyeo vya ukoo. Mwanafunzi chini ya regenti, mkuu wa nyumba yao ya mji, regenti chini ya lodi, juu yao pontifeksi, kileleni Baraza la Saba, na ndani ya kila cheo madaraja saba tena. Mpya akiingizwa ananyweshwa damu ya hao saba, hatua ya kwanza kati ya tatu za kufungwa kabisa, yaani kuwa mtiifu kwa mwenye damu aliyoinywa. Hajajua hata tambiko moja, tayari ni mali ya wenzake.

Vijana wengi wanachukua Tremere ili warushe moto. Kwangu moto unasubiri. Naanza na barua: regenti anaomba ufunguo wa nyumba ya rafiki wa mhusika, na sababu hasemi. Hapo mchezaji anaanza kuwatazama wenzake mezani kwa jicho jingine.

Mzee_wa_Ceoris
Shangazi, kwa heshima zote, hiyo ni Vienna ya zamani. Katika toleo la tano analocheza kijana, makao makuu ya ukoo huko yaliangamizwa na Inkwizisheni ya Pili, binadamu wanaowinda wanyonya damu, mwaka 2008 na piramidi ikavunjika. Isitoshe, damu ya Tremere siku hizi haiwezi kumfunga mnyonya damu mwenzake, ilhali wa koo nyingine wanaweza kumfunga yeye. Huyo regenti atamtisha nani?

ShangaziDadu
Atamtisha aliyezoea kutii, Mzee wangu. Zamani damu ilifanya kazi ya polisi. Sasa regenti inabidi abembeleze, ahonge, atishie, na mtaji aliobaki nao ni matambiko ambayo hajamfundisha mtu. Huyo ananivutia kuliko yule wa 2000, lakini bila kile kitabu hutajua amepoteza nini. Tena Carna na Ipsissimus, viongozi wa makundi yaliyojitenga, wanavuta wafuasi kila mmoja upande wake. Mhusika apate wito wa pande mbili usiku mmoja, uone.

Na asisahau chimbuko. Katika hadithi ya mchezo, hawa walikuwa wanazuoni wa uchawi wa Jumuiya ya Hermes, chama cha wachawi binadamu, na mwaka 1022 waliuiba umilele kwa tambiko kutoka damu ya Tzimisce, ukoo mwingine wa wanyonya damu. (Ukoo wenyewe ulianza kama nyumba ya wachawi katika mchezo mwingine, Ars Magica ya 1987, kwa wanaopenda mambo hayo.) Tzimisce hawajasamehe. Mpe mmoja mjini, mpole, mwenye adabu, anayemiliki jengo analopanga mhusika.

MsimuliziMpya
Shikamoo Shangazi. Nakichukua. Ila mchezaji anasema mhusika wake alitoroka piramidi kabla ya 2008. Nimruhusu?

ShangaziDadu
Marahaba. Mruhusu, ila muulize kwanza: alipotoroka, kichupa cha damu yake, ambacho mchawi anaweza kukitumia dhidi yake, kilibaki kwa nani? Akijibu, andika jina hilo. Akikosa jibu, litunge wewe, na usimwambie.