UZI WA MALALAMIKO: Minada ya vitu vya kifalme Uingereza, hizi herufi "A/F" zitatumaliza

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Kila mwezi humu kuna mtu anaweka picha ya boksi lililofika kutoka mnada wa Uingereza. Ndani kuna sanamu ya kauri isiyo na vidole, au "picha ya Malkia Victoria" ambayo ukiisogelea ni karatasi iliyopakwa vanishi. Akilalamika, kampuni ya mnada inamjibu mstari mmoja: ilielezwa kwenye katalogi. Ni kweli ilielezwa, kwa herufi mbili tu: A/F. Maana yake chukua kilivyo, kasoro zake zote ni zako. Kikombe chenye ufa wa unywele ni A/F. Sanamu iliyokatika shingo ikagundishwa nayo ni A/F. Dalali anapata nafasi ya kusifia "rangi za kuvutia" mistari mitatu, halafu anakosa nafasi ya kuandika "mkono wa kushoto umegundishwa". Huo ni uvivu au ni ujanja? Mimi nasema ni ujanja.

Picha za kuchora ndiyo kabisa. Jina la msanii linakolezwa kwa herufi kubwa, na kando yake kuna kineno kimoja kidogo ambacho ndicho kinachobeba bei yote. Jina likiwa peke yake, wanasema kazi ni ya msanii mwenyewe. "Attributed to" maana yake wanadhani ni yake lakini hawaapi. "Studio of" imetoka karakana yake. "Circle of" ni mtu wa enzi ileile aliyeathiriwa naye. "Follower of" amechora kwa mtindo wake, si lazima awe alikuwa mwanafunzi wake. "Manner of" ni mtindo wake lakini wa miaka ya baadaye. Na "after", wakuu, "after" ni nakala ya wakati wowote, hata ya mwaka jana. Ukiona "After Winterhalter" ujue Winterhalter, yule mchoraji wa Malkia Victoria, hakuigusa.

Na saini je? "Signed" wanamaanisha ameitia mwenyewe. "Bears signature" au "with signature" wanamaanisha saini ipo, ila kwa maoni yao iliwekwa na mkono mwingine. Maneno haya yanafafanuliwa kurasa za mwisho kabisa za katalogi, kwa herufi za ukubwa wa mchwa.

Sasa hesabu. Unaweka dau, nyundo inagonga pauni 200, unafurahi. Kamisheni ya mnunuzi 25% ni pauni 50. VAT ya Uingereza 20% juu ya kamisheni ni 10. Umepitia jukwaa la mtandaoni linalotoza 5%: 10 nyingine, na VAT yake 2. Tayari ni 272 na kitu bado kiko rafuni kwao. Hawafungi mizigo, wanakupa orodha ya mawakala. Ukichelewa kukiondoa, ada ya kuhifadhi inahesabiwa kwa siku. Kikifika Dar kuna ushuru na VAT ya 18%, Nairobi 16%, na mzigo hukadiriwa pamoja na nauli na bima, si ile 200 yako. Makadirio ya "pauni 80 hadi 120" waliyokuvutia nayo hayakuwa na hata moja ya hizo gharama.

Nimemaliza kwa sasa. Wanaojua kauri waje waongeze.

#2

Mkuu umegusa penyewe. Niongezee kwenye sanamu za Staffordshire (eneo la viwanda vya kauri Uingereza), zile za mgongo bapa za Victoria na Albert ambazo watu wanazikimbilia.

Katalogi ikiandika "Staffordshire figure" bila karne, shtuka. Omba picha ya kitako. Sanamu za karne ya 19 zilifinyangwa kwa kukandamiza udongo ndani ya kalibu kwa mkono, kwa hiyo ni nzito na zina kitundu kidogo tu cha kupitishia hewa ya tanuri. Nakala za kisasa zinamiminwa kwa udongo wa majimaji, udongo wa ziada unamwagwa, na ndiyo maana zina tundu kubwa la kuingia kidole na ukizishika ni nyepesi. Ukiona tundu la kidole, funga ukurasa.

Dhahabu nayo inasema. Ile ya zamani ni laini, imefifia, imelika pale mikono iliposhika. Dhahabu ya kung'aa kama kioo ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo sanamu "ya 1850" yenye dhahabu ya kujitazamia ina maswali. Halafu zile nyufa za utando juu ya glezi (lile tabaka la kung'aa kama kioo juu ya kauri): za kweli hazilingani, kuna sehemu zimejaa na sehemu hazipo kabisa. Za kutengeneza zimeenea sawasawa mwili mzima na zote zina rangi ileile ya kahawia, kama zimelala kwenye chai.

Mchakao nao uwe na mantiki. Kitako kichakae pale kinapogusa meza, yaani kwenye ukingo. Uchafu uliopakwa hadi ndani ya shimo ambako hakuna kinachogusa ni wa brashi.

#3

Na Meissen, kauri ya Ujerumani, msiisahau, huko ndiko watu wanakoachia mishahara.

Panga mbili za buluu zinazopishana haziwi ushahidi peke yake. Zimeigwa tangu karne ya 18, na kiwanda cha Samson cha Paris kilijipatia riziki kwa kunakili kauri za watu. Alama ya Meissen hukaa chini ya glezi: pitisha ukucha, usisikie kitu. Ukisikia mgongo wa rangi, imewekwa juu baadaye. Ukiona panga zimekatwa na mikwaruzo ya makusudi, hiyo ni daraja la pili, au chombo kilichouzwa cheupe kikapakwa rangi nje ya kiwanda. Dalali ataandika "Meissen, alama ya panga" na kunyamaza kuhusu mikwaruzo. Nyota chini ya panga ni enzi ya Marcolini, 1774 hadi 1814, nayo imeigwa vilevile.

Sanamu zenye gauni la lesi ndizo za kuogopa kusafirisha. Ile ilikuwa lesi halisi ya kitambaa, ikachovywa kwenye udongo wa majimaji, tanuri likaunguza uzi ukabaki udongo mwembamba kama ganda la kitunguu. Karibu zote zina lesi iliyomeguka mahali. Ukiambiwa "hali nzuri kwa umri wake" ujue hawajahesabu.

#4

Nitakuwa mwanasheria wa shetani kidogo. Ripoti ya hali inatolewa bure ukiomba. Watu hawaombi, halafu wanalia. Dalali wa mji mdogo anauza loti 600 kwa siku moja, hawezi kuandika insha kwa kila kikombe.

#1 (mwanzisha uzi)

#4 mkuu, wanaoomba wanajibiwa "hali nzuri kwa ujumla". Hiyo ni ripoti?

Ndiyo maana usiombe ripoti, uliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana, kwa barua pepe, siku mbili tatu kabla ya mnada ili ubaki na maandishi. Je, kuna ufa, hata wa unywele? Je, kuna sehemu iliyopakwa rangi upya? Mmeiangalia kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365? Vidole vyote, kingo za kofia, majani na maua ni vya asili? Ukigonga taratibu kwa ukucha inalia kama kengele au inatoa sauti butu? Nipeni picha ya kitako, ya mgongo, na ya shingo kwa karibu, bila flashi. Shingo, viganja na kingo ndipo panapovunjika kwanza, na rangi ya kurekebishia mara nyingi imepulizwa kupita mahali pa jeraha, kwa hiyo chini ya taa sehemu nzima inang'aa tofauti na mwili. Mtu akiwa ukumbini, rangi ya kurekebishia ni laini na ya vuguvugu ukiigusisha na jino, glezi ni baridi na ngumu.

Asipojibu swali hata moja, hilo nalo ni jibu.

#5

Kwenye picha za kuchora ombeni mgongo kabla ya uso. Fremu ya ndani, misumari, maandishi, vibandiko vya minada ya zamani. Pini za stepla kwenye turubai ya "karne ya 18" zinamaanisha angalau imewambwa upya karne iliyopita. Turubai iliyobandikwa turubai nyingine nyuma si kosa, ni ukarabati wa kawaida, ila imefunika maandishi yote ya asili, na dalali anajua.

Kwa lenzi ya mara 10 tafuta vitone. Vitone vilivyopangika kama maua madogo ni chapa ya mashine. Wajanja wanapaka jeli juu yake kuiga mapigo ya brashi: angalia kama mapigo yanafuata umbo la shavu na pindo la nguo. Kama brashi inapita moja kwa moja juu ya pua na sikio bila kujali, ni jeli.

Kuhusu taa: vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani-kijani, na marekebisho mapya huonekana madoa meusi. Lakini kuna vanishi zinazoficha marekebisho yaliyo chini yake, hivyo "tumeangalia kwa taa, iko safi" haitoshi.

Halafu "studio of" msiikimbie kila mara. Allan Ramsay alichora picha ya kutawazwa kwa George III, na karakana yake ikanakili ileile kwa miaka kwa ajili ya mabalozi na magavana. Nakala ya karakana ya aina hiyo ni kitu halali chenye bei yake. Shida ni pale "after" inapouzwa kwa mbwembwe za "studio".

#6

Mimi hasira zangu ziko kwenye neno "rare" la vikombe vya kumbukumbu.

Vikombe vya kutawazwa kwa Edward VIII vinauzwa kila wiki kama lulu, "mfalme ambaye hakutawazwa". Sherehe ilipangwa 12 Mei 1937, yeye akaachia kiti Desemba 1936, na viwanda vilikuwa vimeshatoa mzigo. Viko tele. Siku ileile ya 12 Mei akatawazwa mdogo wake George VI. Edward VII vilevile: vyombo vimeandikwa 26 Juni 1902, mfalme akafanyiwa upasuaji, sherehe ikasogea hadi 9 Agosti. Vya Juni ndivyo vingi. Chenye tarehe ya Agosti ndicho cha kutafuta, na dalali anayeandika "tarehe ya makosa, adimu sana" kwenye kikombe cha Juni anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Harusi ya Charles na Diana ya 1981 ndiyo usiseme, vyombo vyake vinauzwa kwa boksi. Adimu ya kweli ni vitu vya Victoria kutawazwa, 1838.

Na sahani za "toleo lenye kikomo"! Soma cheti. Kuna zilizowekewa kikomo cha siku za kuchoma tanurini, siku 75 au 150. Kiwanda kinachochoma maelfu kwa siku kikiwa na siku 150, kikomo kiko wapi hapo?

Bilauri ya Khodynka ya 1896, ya kutawazwa kwa Nikolai II wa Urusi, ile ambayo watu waliikanyagania hadi kufa zaidi ya 1,300, ni ya bati lililopakwa enameli na haina mkono. Ukiiona ya kauri, si yenyewe.

#7

Picha ndogo za sura zilizochorwa juu ya pembe ya ndovu, tahadhari. Sheria ya pembe ya Uingereza ilianza kutumika 6 Juni 2022. Picha ya kabla ya 1918 yenye eneo la pembe lisilozidi sentimita za mraba 320 inaruhusiwa kuuzwa, lakini lazima iwe imesajiliwa. Dai namba ya usajili kabla ya dau. Na usajili ni wa kuuza ndani ya Uingereza tu: kuitoa nchini unahitaji vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), na huku kwetu forodha haitakuuliza ni ya Malkia gani. (Pembe zetu zilipita Zanzibar kwenda huko karne ya 19, leo kuzirudisha na sura ya mzungu juu yake ni kesi.)

#4

Haya, nimekubali nusu. Ila swali: ile haki ya siku 14 za kughairi ununuzi wa mtandaoni Uingereza haisaidii?

#5

Haisaidii kwenye mnada wa hadhara ambao mnunuzi angeweza kuhudhuria mwenyewe ukumbini, hata kama wewe uliweka dau ukiwa Temeke. Mnada wa mtandaoni mtupu usio na ukumbi ni hadithi nyingine, na hapo inategemea pia kama mwenye mali ni mfanyabiashara au mtu binafsi. Kipengele cha kughushi (kurudisha kitu kikithibitika ni bandia) kipo kwenye masharti ya kampuni nyingi, ila kina siku zake na ushahidi ni juu yako. Soma kabla ya kujisajili, ni kurasa mbili tatu.

#2

Na kufunga mzigo, kwa sababu wasafirishaji wengi hawafidii kauri hata ukilipa bima. Mwandikie wakala maelekezo: karatasi laini isiyo na asidi kwanza, plastiki ya mapovu isiguse dhahabu, gundi isiguse sanamu. Sehemu zilizochomoza zijazwe karatasi kila upande zisibebe uzito. Boksi ndani ya boksi, nafasi ya sentimita 5 hadi 8 pande zote. Likitikiswa lisisikike kitu. Na apige picha kila hatua kabla ya kufunga, la sivyo kidole kikifika kimekatika, kila mmoja atasema kilikatikia kwa mwenzake.

#1 (mwanzisha uzi)

Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa saa za mitumba. Mwenye katalogi yenye "A/F" zaidi ya kumi ukurasa mmoja aiweke hapa, jina la kampuni lifunikwe.