Mjadala: Dozi za dawa kali za maumivu ziwekewe kikomo kisheria, au aachiwe daktari?

Wadau, naona tunazunguka palepale. Wengine mnasema mofini, oksikodoni, fentanili na wenzake zipangiwe kikomo na sheria, daktari akifika miligramu kadhaa asiruhusiwe kupita, kwa sababu Marekani tumeona watu walivyoisha kwa uraibu wa dawa hizi. Wengine mnasema maumivu ni ya mgonjwa, bunge halihusiki. Mimi nasema kumuanzishia mtu dawa hizi kuwe kugumu, ila kumkatisha ghafla kusiruhusiwe, na hayo mawili huwezi kuyapata kwa kuandika namba moja kwenye sheria.

Wanaotaka kikomo wana hoja, tusiwapuuze. OxyContin, yaani vidonge vya oksikodoni, iliingia sokoni 1996, madaktari wakaambiwa kwa kuwa inaachia dawa taratibu mwilini basi hatari ya uraibu ni ndogo, na ushahidi uliokuwa unatajwa kila mahali ni barua ya aya moja tu ya mwaka 1980 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Barua ilihusu watu waliolazwa hospitalini, 11,882, na ikasema waliopata uraibu ni 4. Sasa mtu aliyelazwa anapewa dawa na nesi, akiruhusiwa kurudi nyumbani anaiacha hukohuko wodini, huyo unamlinganishaje na mtu mwenye mgongo anayeondoka na chupa ya mwezi mzima, tena kila mwezi? Lakini ndo walivyofanya. Mwaka 2007 Purdue Frederick, kampuni iliyohusika na kuitangaza, ikakiri kosa mahakamani kwamba ilipotosha kuhusu hatari zake, ila 2012 madaktari wa Marekani bado waliandika vyeti vya dawa hizi kama milioni 255 kwa mwaka huo mmoja.

Na kinachouma zaidi, kwa maumivu sugu ya mgongo na magoti hata faida yenyewe haionekani. Utafiti uliochapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa 240 mwaka mzima kwenye kliniki za maveterani wa jeshi la Marekani, nusu wakatumia dawa jamii ya afyuni, yaani hizi za kundi la mofini, nusu wakatumia dawa za kawaida kama parasetamoli na zile za kupunguza uvimbe. Mwisho wa mwaka uwezo wa kutembea, kufanya kazi na kulala ulikuwa sawa tu, maumivu yalipungua kidogo zaidi kwa waliotumia za kawaida, na wa afyuni ndo walisumbuliwa zaidi na madhara ya dawa. Kwa hiyo daktari anayekimbilia mofini au oksikodoni kwa mgongo wa miaka hajamsaidia mtu.

Ila sasa angalieni kikomo kilivyofanya kazi. 2016 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa mwongozo, na ni mwongozo tu, haikuwa sheria, ukiwaambia madaktari waepuke kufikisha miligramu 90 za mofini kwa siku au kiasi kinacholingana nazo. Kampuni za bima na baadhi ya majimbo wakaigeuza namba hiyo kuwa ukuta, watu waliotumia dawa miaka mingi wakapunguziwa kwa mkupuo au wakafukuzwa kliniki. 2019 mamlaka ya dawa, FDA, ikabidi itoe onyo kwamba kukatisha ghafla kunaleta arosto kali, maumivu kurudi kwa nguvu, hata watu kujiua. 2022 CDC wenyewe wakaandika upya mwongozo.

Kuna mdau amesema arosto haiui, avumilie. Ndugu yangu, arosto ni miayo isiyoisha, pua inatiririka, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, mtu anaharisha na kutapika halafu halali siku kadhaa, na yale maumivu aliyoanzia dawa bado yapo palepale. Mtu wa namna hiyo akikosa daktari anaenda mtaani, na huko kidonge anachouziwa kinaweza kuwa na fentanili ambayo hakuna aliyepima. Aliyetumia zaidi ya mwaka anapunguziwa taratibu, kama asilimia 10 kwa mwezi, tena kwa makubaliano naye, na nyumbani kuwe na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi.

Halafu kuna wenye saratani, na hapa nashangaa mnavyowaweka kapu moja na wengine. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya 2017 ilikuta kati ya tani karibu 300 za dawa hizi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zinapata tani 0.1 tu. Mgonjwa ambaye uvimbe umefika kwenye mfupa anahitaji mofini ya maji kila baada ya saa 4, ya kulalia mara mbili ya hiyo ili asiamke usiku, pamoja na dawa ya kulainisha choo, na dozi inapanda kadiri maumivu yanavyopanda. Uganda tangu 2004 manesi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Ukiweka namba ya juu, huyu ndo wa kwanza kugonga ukuta, na msiniambie atatengewa kipengele chake kwenye sheria, maana daktari anayeogopa kufungwa haandiki hata kile anachoruhusiwa.

Kwa hiyo mnaotaka sheria ipite nijibuni hili moja: yule aliyetumia miaka 8, dozi yake imezidi kikomo chenu, Jumatatu sheria ikianza anapokelewa na nani, na anapewa nini?