Pipa limefunikwa, moshi umepulizwa, viluwiluwi bado wamo: tunakosea wapi?

Mwana wa Mkomani

Assalaam alaykum jamaa. Nauliza kuhusu maji ya akiba na mbu wa mchana. Nyumba ni ya kale, hapa Lamu. Maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hivyo hapana budi yawekwe. Kuna birika la kujengwa chini, urefu mita 1.5, upana mita 1, na maji yakijaa hufika sentimita 80. Uani kuna mapipa mawili ya lita 200 yenye vifuniko vya mbao, na juu kuna tangi la plastiki la lita 5,000. Mtaa ulipulizwa moshi wa dawa ya mbu. Siku chache tu, mbu wale weusi wenye madoa meupe miguuni wamerudi, na viluwiluwi wamo pipani.

Maswali ni matatu. Pipa likimwagwa lote na kujazwa upya, mbona viluwiluwi wanaonekana tena kabla wiki kwisha? Dawa ya chembechembe ya kutia majini kipimo chake ni kipi? Na mtu akishikwa na homa ya ghafla na viungo kukaza, je, kukimbilia sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu ni sawa?

Afisa wa Mitungi

Wa alaykum salaam. Shida yako iko ukutani, si majini. Mbu huyu, Aedes aegypti, hatagi juu ya maji kama wengine. Hutaga kwenye ukuta wenye unyevu, kidole kimoja au viwili juu ya mstari wa maji, na mayai hugandamana hapo. Yanastahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji na kujaza upya bila kusugua, umeyafunika maji mayai yaliyokuwa yakingoja hayo hayo, na mengine huanguliwa siku hiyo hiyo. Kwa joto letu, yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa mara moja kwa wiki, wala si kila mwezi.

Namna ya kusugua: teka maji yabaki chini kabisa. Changanya jiki isiyozimuliwa na sabuni ya unga kidogo, iwe nzito ishike ukutani. Paka kwa kitambaa au brashi sehemu yote ya juu ya mstari wa maji hadi ukingoni, acha dakika 10, kisha sugua kwa brashi ngumu na usuuze. Njia hii ilijaribiwa na akina mama wa Honduras miaka ya 1990, na kinachosahauliwa sana ni zile dakika 10: watu hupaka na kusuuza papo hapo, mayai yanabaki salama. Vaa glavu. Usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo hata kidogo, hutoa gesi inayochoma mapafu. Birika la chokaa lina nyufa, basi ziba nyufa kwanza kwa plasta laini, la sivyo brashi inapita juu ya mayai.

Vifuniko vya mbao havifungi. Uwazi wa milimita chache unamtosha mbu, na ndani kuna giza na unyevu, ndipo anapopapenda. Tumia wavu ambao matundu yake hayazidi milimita 1, uvutwe kama ngozi ya ngoma na kufungwa kwa mpira wa tairi. Kitambaa kinacholegea na kugusa maji ni kibaya kuliko kutofunika, maana mbu hutaga juu ya kitambaa chenyewe. Kwenye tangi la juu tazama bomba la kumwagia ziada. Wengi hufunika mdomo na kuliacha bomba hilo wazi. Lifunge wavu kwa waya.

Dawa: ni temefosi ya chembechembe ya asilimia 1, iliyoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Kipimo ni gramu 1 kwa kila lita 10, yaani miligramu 1 ya dawa halisi kwa lita. Kwa pipa lako ni gramu 20. Birika ni 1.5 × 1 × 0.8, lita 1,200, kwa hiyo gramu 120. Jaza kwanza ndipo utie, na uzifunge kwenye kifuko cha kitambaa ukining'inize ndani, ili kata isizizoe zote siku ya pili. Inaweza kudumu miezi miwili mitatu, lakini pipa linalotekwa likaisha na kujazwa kila siku huimaliza mapema. Ichukue kwa maafisa wa afya ya umma. Ile ya duka la pembejeo za shamba si ya maji ya watu, hata kama muuzaji anaapa.

Na moshi? Huua mbu wanaoruka saa ile tu. Hauingii kabatini wala mvunguni anapojificha Aedes, na yai haulifanyi lolote.

Bin Shela

Ahsante Afisa, lakini birika kubwa la nini kuhangaika na dawa? Wazee walitia visamaki. Birika za misikiti na za nyumba za kale zilikuwa na samaki, na maji yalikuwa safi.

Afisa wa Mitungi

Kweli kabisa, Bin Shela, na kwa birika la lita 1,200 ningechagua samaki kabla ya dawa. Kumi wadogo wanatosha. Ila wana masharti. Usiwalishe, maana samaki aliyeshiba mkate hana haja na viluwiluwi. Usitie klorini birikani, itawaua. Tibu maji ya kunywa baada ya kuyateka, ndani ya jerikeni. (Na klorini kwa kipimo cha kunywa haiui viluwiluwi, kwa hivyo asiitegemee mtu kwa kazi hiyo.) Chagua kimoja, samaki au temefosi. Kwa mapipa samaki hawafai: hutekwa na kata, au pipa linakauka nao ndani.

Kuhusu wapi pa kuanzia: usihesabu viluwiluwi tu. Mulika tochi majini utafute vile vilivyojikunja kama alama ya mkato, hivyo ni pupa, na siku mbili tatu vitakuwa mbu. Chombo chenye pupa wengi ndicho kinachozalisha mbu wa nyumba yako. Mara nyingi nyumba nzima hulishwa mbu na vyombo viwili tu. Ukiona viluwiluwi waliolala sambamba na uso wa maji, hao ni wa malaria; waliong'inia kichwa chini ni Aedes au mbu wa kawaida wa majitaka.

Tabibu wa Zamu

Nijibu swali la tatu. Homa yoyote hapa pwani hupimwa malaria kwanza, siku ile ile. Hata viungo vikiuma vipi, usiruke hatua hiyo. Malaria ikikosekana, mawili yanabaki mbele: dengi na chikungunya. Mbu ni yule yule, na siku za mwanzo ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Chikungunya huelekea kushika vifundo vya miguu, vifundo vya mikono na vidole, pande zote mbili, mtu akaamka asubuhi hawezi kufungua mkono. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, na ugonjwa ulielezwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala.

Kwa sababu hazitofautiki mapema, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziwekwe kando mpaka dengi iondolewe. Dengi hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na dawa hizo huongeza kutokwa damu. Sindano ya deksamethasoni nayo usikubali. Antibayotiki haina kazi kwa virusi.

Kinachotumika ni parasetamoli. Mtu mzima gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Tazama dawa za mafua za dukani, nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu huzidisha bila kujua. Mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi moja: wa kilo 12 anahitaji miligramu 180, na kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 hiyo ni mililita 7.5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani vinadanganya. Mtoto aliye chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali moja kwa moja.

Maji ya chumvi na sukari ya pakiti, madafu, uji mwepesi. Mgonjwa akojoe angalau kila saa 6. Hatari ya dengi huja homa inaposhuka, siku ya 3 hadi ya 7, wakati jamaa wanashukuru kwamba amepona. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kinyesi cheusi, usingizi au kuhangaika kusiko kwa kawaida: hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Kipimo: siku 5 za mwanzo omba kinachotafuta kirusi chenyewe, NS1 kwa dengi. Kingamwili za IgM huanza kuonekana baadaye, na aliyepimwa IgM siku ya pili akaambiwa hana, hajaambiwa kitu.

Chandarua mchana kwa mgonjwa, wiki ya kwanza yote. Siku hizo damu yake ndiyo inayowaambukiza mbu, na mbu hao watauma wa nyumba hiyo hiyo, kwa kuwa Aedes haruki mbali. Mjamzito aliyekaribia kujifungua ashughulikiwe mapema zaidi. Kisiwani La Réunion, 2005 na 2006, mama aliyekuwa na kirusi damuni wakati wa kujifungua alimwambukiza mtoto karibu nusu ya nyakati.

Maumivu ya viungo yakipita miezi mitatu, rudi kliniki. Huo si uvivu, wala si kurogwa.

Bin Shela

Swali dogo. Sasa ni kiangazi, mvua hakuna. Mbu huletwa na mvua, au sivyo?

Afisa wa Mitungi

Mbu huyu ana mvua yake, ami, nayo ni sisi tunaoweka maji. Mlipuko wa Lamu wa 2004 ulifuatia miezi ya ukavu na joto kuliko kawaida. Maji yalipokuwa haba, watu waliweka akiba kwa muda mrefu na kujaza vyombo mara chache. Oktoba mwaka huo watafiti walipima damu ya watu 288 kisiwani, na 215 kati yao, robo tatu, walikuwa na alama za chikungunya. Kutoka hapa ugonjwa ulifika Mombasa, kisha Komoro mwaka 2005, halafu La Réunion. Zamu za maji zikirefuka, ndipo unapoongeza kusugua, si unapopunguza.

Mwana wa Mkomani

Shukran nyote. Nimemulika kama mlivyosema. Pipa la pili lina pupa tele, birika halina kitu. Na hodhi la maji ya punda nje ya ukuta, nalo litiwe dawa?

Afisa wa Mitungi

Haina haja, punda hulimaliza karibu kila siku. Lipindue kila Ijumaa, lisugue kingo, lisuuze vizuri kabla punda hajanywa tena. Nguvu zako peleka kwenye lile pipa la pili, leo, na utazame chini ya kifuniko chake cha mbao pia. Kama kina ukungu na unyevu, kichome.