Kipusa alipimwa machozi akiwa amelazwa kwa dawa. Majibu hayo niyaamini?

mama_kipusa
Habari zenu, wapenzi wa mbwa. Kipusa ni pug, jike, miaka 6. Juzi alichomwa dawa ya kutuliza ili apigwe eksirei ya nyonga. Kwenye karatasi yake imeandikwa medetomidini na butofanoli. Akiwa bado amelala, daktari akaona macho yamefifia, akampachika kile kikaratasi cha kupimia machozi: kulia milimita 4, kushoto 6. Nikaambiwa ana ugonjwa wa jicho kavu, apakwe marhamu ya siklosporini maisha yake yote.

Lakini asubuhi ya siku ileile nilimfuta mikunjo ya uso kwa mkono wangu, na macho yalikuwa yanang'aa, mabichi kabisa. Leo jicho la kulia lina matongotongo mazito ya kunata na analifumba nusu akielekea dirishani. Ni ugonjwa, au ni ile dawa? Nimelala vibaya siku mbili.

tabibu_wa_wanyama
Pole sana, mama. Nianze na lenye haraka: jicho linalofumbwa nusu linauma. Mpeleke leo hii, usingoje kesho. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ipakwe rangi ya fluoresini, maana kama kuna kidonda kitang'aa kijani. Na tafadhali, usimtilie dawa yoyote ya macho yenye steroidi iliyobaki nyumbani. Kidonda cha konea kikikutana na steroidi, jicho linaweza kutoboka.

Sasa kuhusu vipimo. Kipimo cha Schirmer kinahesabu kikaratasi kimelowa milimita ngapi kwa dakika moja. Mbwa mzima hufika 15 au zaidi, na chini ya 10 tunashuku jicho kavu. Ila viwango hivyo ni vya mbwa aliye macho. Medetomidini hupunguza machozi sana, na robo saa tu baada ya sindano tofauti inaonekana. Ikichanganywa na butofanoli, yanapungua zaidi. Mbwa akipewa atipamezoli ya kumwamsha, machozi nayo huanza kurudi. Baada ya nusu kaputi kamili yanaweza kubaki pungufu hadi saa 24. Kwa hiyo ile 4 na 6 ni majibu ya dawa kwanza. Ya Kipusa mwenyewe hatuyajui bado.

Pug macho yake yametokeza, na akilazwa hapepesi. Alipaswa kupakwa mafuta ya kulainisha macho tangu dawa ilipoanza kumshika. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu ni kazi ya nusu dakika.

baba_wa_koka
Koka wangu alisafishwa meno, kesho yake jicho likawa hivyohivyo. Chini ya taa ya buluu nikaona alama ya kijani, ndogo kama kichwa cha pini, na mbwa alikuwa anatetemeka kwa maumivu. Lilipona. Siku hizi kabla hajachomwa sindano namwomba daktari anionyeshe mafuta ya macho yako wapi, na nyumbani naendelea kumpaka hadi kesho yake.

dada_wa_pekinizi
Nakubaliana na tabibu, ila dada, usiitupe hiyo siklosporini. Wangu pia alipimwa akiwa na dawa mwilini, nikashangilia kuwa ni kosa. Alipopimwa tena akiwa macho kabisa alipata 8, ugonjwa ulikuwepo kweli. Rudia kipimo, ndipo uamue. Na umwambie daktari kama amewahi kutumia dawa za jamii ya salfa, nazo hukausha macho.

mama_kipusa
Nimerudi, asanteni mno. Kidonda kipo jicho la kulia, cha juujuu. Amepewa matone ya antibiotiki na kola ya shingoni, anaigonga kwenye kila mlango.

Machozi yalipimwa kwanza, kabla ya tone lolote: kushoto 18. Kulia 21, ila daktari huyu wa pili amesema jicho linalouma hutoa machozi mengi, kwa hiyo hiyo 21 hajaiandika kama jibu. Litapimwa tena kidonda kikifunga. Kwenye faili lake ameandika kwa wino mwekundu: machozi yapimwe kabla ya dawa ya kutuliza, macho yapakwe mafuta. Siklosporini iko kwenye boksi lake, sijaifungua.