Tozo ya taa za barabarani: kila kiwanja kilipe sawa au tupime kwa mita?

mkazi_ndani: Habari wakuu. Mtaani kwetu giza limezidi, tumekubaliana tufunge taa na gharama zibebwe na wenye viwanja. Jumapili tunapiga kura jinsi ya kugawana. Kuna njia tatu: kila kiwanja kilipe sawa, kila mtu alipe kwa mita za kiwanja chake zinazogusa barabara, au alipe kulingana na thamani ya nyumba. Mi naona ya kwanza ndo rahisi. Mnanishauri nini?

fundi_nguzo: Mkuu hapo bado hujasema kitu. Viwanja vingapi? Umeme wa gridi au sola? Tozo ni ya kufunga tu au na bili na matengenezo humohumo? Na nguzo zikishasimama zinakuwa mali ya nani?

kona_mbili: Ya mita usiiguse. Kiwanja changu kipo kwenye kona kinagusa barabara pande mbili, wakanihesabia zote mbili nikawa nalipa mara mbili na zaidi ya jirani mwenye nyumba kubwa kuliko yangu, na taa inayonimulikia ni moja tu, ileile ya kona. Baadaye wakarekebisha, viwanja vya kona wakahesabu upande mfupi tu, ila nilichokwisha lipa hakikurudi.

mzee_hesabu: Pole, lakini hilo ni kosa la aliyepima, njia yenyewe ni ya haki. Nguzo zinafuata urefu wa barabara. Ukiweka moja kila mita 30, mwenye mita 60 ana nguzo mbili getini kwake na mwenye mita 15 hajafikisha hata moja, sasa walipe sawa kwa hesabu gani? Thamani ya nyumba ndo sikubaliani nayo kabisa, taa inaangaza barabara, haiangazi sebule ya mtu.

dada_pili: Nyie mnabishania kugawana, kilichotuua sisi ni kingine. Tulichanga wote, taa zikafungwa, siku ya kuwashwa watoto walicheza nje mpaka usiku. Hakuna aliyeuliza ikizima inakuwaje. Mwaka wa pili sensa (kile kifaa kinachowasha taa giza likiingia na kuizima kukikucha) ya taa ya mbele ya kwetu ikaharibika, taa ikawa inawaka mchana na usiku, bili ikapanda, tukaitisha mchango mpya nusu ya watu wakasema sisi tulishalipa. Wengine walishauza nyumba na walionunua wanasema hatukusaini chochote. Tukabaki watu wachache tunalipia mtaa mzima, mwisho nasi tukachoka. Nguzo zipo mpaka leo, nikirudi usiku namulika na simu chini ya taa niliyoichangia mwenyewe, inauma sana. Ndugu mwandishi, tozo ya kufunga na tozo ya kila mwaka viandikwe siku moja, na deni likae kwenye kiwanja ili atakayenunua alikute.

fundi_nguzo: Dada umesema kweli tupu. Taa ya LED wanaiandikia masaa 50,000, ukiwasha 12 kila usiku ni kama miaka 11, watu wakisikia hivyo hawatengi hela ya matengenezo. Kumbe kinachokufa mapema mara nyingi sio LED zenyewe, ni draiva ya ndani, kile kifaa kinachozilisha umeme, na sensa.

msoma_sheria: Na muandike tozo itapandaje. Kule Marekani, jimbo la California walipitisha sheria inayoitwa Proposition 218 mwaka 1996, kupandisha tozo ya namna hii lazima wenye mali wapige kura, na kura inapimwa kwa kiasi unachotozwa. Jiji la Los Angeles humohumo California, tozo nyingi za taa ziliganda palepale kwa miaka mingi tangu mwaka huo na gharama hazikuwasubiri.

mkazi_ndani: Samahani nilikuwa kazini. Viwanja 46, ila 9 ni vitupu na wenyewe hawaishi hapa. Tunafikiria sola ili tusiwe na bili. Matengenezo kwa kweli hatujajadili.

mzee_hesabu: 9 kati ya 46 ni karibu moja ya tano ya hela yote mkuu!! Ndo ulitakiwa uanze nalo hilo.

kona_mbili: Vitupu vilipe nusu, hakuna anayelala pale.

dada_pili: Walipe sawa na sisi. Kiwanja chenye taa mbele kinauzika vizuri zaidi, na giza la viwanja hivyohivyo ndo linatutisha tukipita.

fundi_nguzo: Sola sio bure jamani. Betri lazima ibadilishwe, ya asidi ukifika miaka mitatu minne imechoka, lithiamu inavumilia zaidi. Bili hiyo inakuja yote kwa mkupuo.

usingizi_kwanza: Msichukue zile nyeupe kali. Yetu inapiga dirishani moja kwa moja, mtoto halali mpaka niweke blanketi kwenye pazia. Madaktari wa Marekani kupitia chama chao walishauri 2016 zisizidi Kelvini 3000, hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda mwanga unazidi weupe.

fundi_nguzo: Hapo tatizo ni kutokukingwa, hata ya njano isipokuwa na kofia itakupiga dirishani. Nguzo ina urefu gani?

mkazi_ndani: Asanteni sana. Naomba kura ya Jumapili isogezwe kwanza, sijui kama watakubali maana wengine walishaanza kutoa hela. Nyie mlio na uzoefu, wenye viwanja vitupu kama hivi 9 mliwapataje? Namba za simu tunazo mbili tu.

kona_mbili: Na viwanja vya kona vipo vingapi?